Kivuli Kinachorudi Kila Baada ya Miaka 54

Alasiri ya tarehe 29 Mei 1919, jua likiwa limekwisha kuinamia magharibi, nchi za kusini mwa Ziwa Tanganyika ziliingiwa na giza. Lilitokea upande wa Kongo, likavuka ziwa, likapita pembe ya kusini-magharibi ya nchi ambayo leo ni Tanzania, likaigusa Malawi kaskazini kabisa, kisha likaingia Msumbiji huku jua likikaribia kuzama. Hilo halikuwa giza la wingu wala la tufani. Mwezi ulikuwa umepita katikati ya dunia na jua, na kivuli chake kilikuwa kinaikata Afrika kutoka magharibi hadi mashariki.

Wenyeji wa huko walikuwa na misiba yao tayari. Miezi sita tu nyuma, tarehe 25 Novemba 1918, jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa amesalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa hilohilo. Vita hivyo vya wakubwa wa Ulaya vilikuwa vimewamaliza wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu, na kabla watu hawajapumua ikaja homa ya mafua iliyoikumba dunia nzima, ikachukua wengine. Huko Ulaya washindi walikuwa wakigawana mali ya aliyeshindwa. Makubaliano ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, yaliyowapa Wabelgiji Ruanda na Urundi, yana tarehe ya 30 Mei 1919, yaani siku moja baada ya jua kupatwa. Mtu aliyeishi kati ya mambo hayo, akaona mchana unageuka usiku, hakukosa sababu ya kuogopa.

Muda usiozidi saa moja kabla ya hapo, kivuli hichohicho kilikuwa kimepita juu ya Príncipe, kisiwa kidogo cha pwani ya magharibi ya Afrika, na pale Waingereza wawili walikuwa wakikihesabia sekunde. Kazi yao ilimfanya Albert Einstein ajulikane kila mahali. Habari za siku ile zimeandikwa sana. Mimi nataka kukisimulia kivuli chenyewe, kwa sababu hakikuja mara moja kikatoweka. Kina ukoo. Kilirudi Afrika tarehe 30 Juni 1973, kikapita juu ya Ziwa Turkana. Kitarudi tena tarehe 2 Agosti 2027, safari hii kikipita Misri, Makka na ncha ya Somalia. Kati ya ujio mmoja na mwingine ni miaka 54 na mwezi mmoja hivi. Waliogundua kwanza mpango wa ujio huu hawakuwa na darubini. Walikuwa na udongo wa mfinyanzi, vijiti vya matete, na hofu kubwa juu ya maisha ya mfalme wao.

Katika karne ya saba kabla ya Kristo, mfalme Esarhaddon wa Ashuru aliitawala Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, akiwa amezungukwa na wataalamu wa nyota waliomwandikia barua bila kuchoka. Barua hizo zilikandamizwa kwenye vibao vya udongo, vibao vikafukuliwa Ninawi, na nyingi zinasomeka hadi leo. Kwa imani yao, mwezi ukipatwa mfalme amehukumiwa kufa. Uso wa mwezi waliugawa sehemu nne, kila sehemu na nchi yake, na giza likifunika upande fulani walijua ni mfalme gani anayetafutwa. Akiwa ni wao, dawa ilikuwa moja: atafutwe mtu mwingine afe badala yake.

Mtu huyo alivikwa mavazi ya kifalme, akakalishwa kwenye kiti cha enzi, akapewa na msichana awe malkia wake. Aliishi kama mfalme kwa muda ambao ungeweza kufika siku 100. Mfalme wa kweli alikaa mafichoni, na wataalamu walipomwandikia katika siku hizo hawakuthubutu kumwita mfalme. Walimwita mkulima, ili balaa lisimtambue. Muda ukiisha, yule wa badala aliuawa pamoja na malkia wake, wakazikwa kwa heshima zote, na mkulima akarudi kitini. Barua moja inamtaja kwa jina mmoja wa waliokufa hivyo: Damqi, mtoto wa msimamizi wa hekalu katika mji wa Akadi. Karne 26 zimepita na jina lake bado lipo, kwa sababu mtu fulani aliliandika.

Ukatili huo ulidai hesabu. Ikulu haikutaka kushtukizwa, kwa hiyo waandishi walilazimika kujua mapema lini mbingu ingeweza kuleta balaa. Wakaanza kuandika kila kupatwa: tarehe, muda, upande giza lilikoanzia, upepo ulivumaje, sayari zipi zilionekana. Huko Babeli kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 600, baba akimrithisha mwana. Ashuru ilianguka, wakaja Waajemi, wakaja Wayunani, na waandishi wale waliendelea kuandika. Katika lundo hilo la vibao ndipo ulipoonekana mpango: ikipita miezi 223 ya mwandamo, ambayo ni miaka 18, siku 11 na kama saa 8, kupatwa kulekule hurudi na sura ileile. Mzunguko huu wanafalaki wa leo wanauita sarosi.

Sababu yake inaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kuutazama mwezi ukiandama. Jua haliwezi kupatwa ila siku mwezi unapokufa na mwingine kukaribia kuandama, maana hapo tu ndipo mwezi unapokuwa upande wa jua. Lakini mbona halipatwi kila mwezi? Njia ya mwezi imeinama kwa takribani digrii 5, kwa hiyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya jua, na kivuli chake kikaenda hewani bila kugusa dunia. Kupatwa hutokea pale tu mwezi mchanga unapokutwa karibu na sehemu ambapo njia hizo mbili zinakatana. Kisha kuna suala la umbali, maana mwezi haukai umbali uleule: ukiwa karibu unaonekana mkubwa na kulifunika jua lote, ukiwa mbali unaacha ukingo wa jua ukiwaka kama pete. Ni mizunguko mitatu, kila mmoja na mwendo wake: siku 29.53 kutoka mwezi mchanga hadi mwingine, siku 27.21 kurudi kwenye makutano, na siku 27.55 kurudi umbali uleule. Zidisha wa kwanza mara 223, wa pili mara 242, wa tatu mara 239, na yote mitatu itakupa karibu siku 6,585 na theluthi. Mizunguko hiyo hukutana tena kama watu watatu waliozunguka kiwanja kwa mwendo tofauti wakafika mstarini kwa pamoja.

Theluthi hiyo ya siku ndiyo inayoamua nani ataona giza. Katika saa 8 za ziada dunia huwa imejizungusha theluthi moja, kwa hiyo kivuli huangukia theluthi ya dunia upande wa magharibi. Mtoto wa 1919 alizaliwa 1937 katika Bahari ya Pasifiki, mjukuu akapita Asia mwaka 1955, na mwaka 1973 zamu ikarudi Afrika. Kila mara njia inasogea kidogo kaskazini. Ukoo huu, ambao wataalamu wameupa namba 136, ulianza mwaka 1360 kwa kugusa tu upande wa kusini wa dunia, na utakwisha mwaka 2622 upande wa kaskazini. Sisi tumebahatika kuishi wakati umekomaa: mwana wake wa 1955 alidumu dakika 7 na sekunde 8, giza refu kuliko lolote la karne ya ishirini.

Sitawaacha Wababeli bila kutaja deni jingine tunalodaiwa nao. Tarehe 15 Aprili mwaka 136 kabla ya Kristo, asubuhi, jua lilipatwa kabisa juu ya mji wao. Mwandishi alipima muda tangu jua kuchomoza, akaandika kwamba Zuhura na Utaridi zilionekana, pia Mushtarii na Mirihi, ambazo siku hizo hazikuwa zikionekana kabisa kwa kuwa karibu mno na jua. Kibao hicho kimo London katika British Museum. Wanasayansi wa zama zetu, miongoni mwao Richard Stephenson wa Chuo Kikuu cha Durham, walichukua mwendo wa dunia wa leo wakahesabu kurudi nyuma hadi siku ile. Hesabu ikawaonyesha kivuli kikipita mbali magharibi mwa Babeli, karibu digrii 49. Mwandishi hakukosea. Dunia ndiyo iliyobadili mwendo. Kupwa na kujaa kwa bahari kunaikokota, siku inarefuka kwa sehemu chache za elfu ya sekunde kila miaka mia, na upungufu huo mdogo ukijumlishwa kwa karne 21 unafikia zaidi ya saa tatu. Tunajua jambo hilo kwa sababu mtu mmoja alikaza macho asubuhi moja akaandika alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwingineko watu walilijibu giza kwa namna nyingine. India walisimulia kichwa cha Rahu, kilichokatwa na bado kinawinda jua. China walipiga ngoma kulifukuza joka. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Wabatammaliba wa Togo na Benin, wanaosema jua na mwezi wakipatwa wanagombana, na watu wakiona hivyo nao hukaa chini kumaliza ugomvi wao ili wakubwa wa mbinguni wapate mfano. Sijui hekaya nyingine inayompa mwanadamu kazi nzuri kuliko hiyo.

Kisha kuna kisa cha Madina, ambacho wasomaji wengi wa lugha hii wamekisikia msikitini. Tarehe 27 Januari 632 jua lilipatwa Madina. Ilisadifu kuwa siku hiyohiyo alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliyezaliwa na Bi Maria Mkibti. Watu wakasema jua limeomboleza kifo cha mtoto wa Mtume. Mtu anayetafuta utukufu angenyamaza na kuacha maneno yaenee. Mtume aliwaongoza watu katika swala ndefu, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Aliyasema hayo akiwa na msiba wa mwanawe. Swala ile, ya rakaa mbili zenye rukuu mbilimbili, bado inaswaliwa katika miji ya pwani yetu jua au mwezi unapopatwa. Kwangu mimi hili ni tukio kubwa katika historia ya fikra: mzazi aliyefiwa, mwenye mamlaka juu ya watu wake, anakataa mbingu zisifanywe shahidi wa ukubwa wake.

Karne zilizofuata, wanachuoni wa ulimwengu wa Kiislamu walizishika ishara hizo kwa vipimo. Mwaka 997 al-Biruni akiwa Kath, katika Asia ya Kati, na Abu al-Wafa akiwa Baghdad, waliutazama mwezi ukipatwa usiku mmoja, kila mmoja akaandika saa ya kwake. Kupatwa kwa mwezi huonekana wakati mmoja kila mahali, kwa hiyo tofauti ya saa zao iliwapa umbali wa mashariki na magharibi kati ya miji yao. Naye Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima juu ya sura ya jua lililopatwa linapopenya kwenye tundu dogo. Jambo hilo unaweza kuliona mwenyewe jua likimegwa: simama chini ya mwembe, utazame ardhini. Kila mwanya mdogo kati ya majani unakuwa tundu, na vile viduara vya mwanga vilivyozoeleka kivulini vinageuka miezi michanga, mamia kwa mamia, vyote vimeelekea upande mmoja.

Turudi Príncipe. Mwaka 1917, vita vikiwa vimepamba moto, Frank Dyson, mkuu wa wanafalaki wa Uingereza, aligundua kwamba tarehe 29 Mei 1919 jua lingepatwa likiwa mbele ya kundi la nyota angavu liitwalo Hyades. Hii ilikuwa nafasi adimu. Einstein alikuwa amedai kwamba uzito wa jua unaupinda mwanga unaopita karibu nalo. Gawa digrii moja katika sehemu 3,600: alisema nyota zitaonekana zimesogea kwa sehemu 1.75. Kwa hesabu iliyotokana na mafundisho ya Newton, zingesogea nusu tu ya hapo. Nyota zilizo ubavuni mwa jua hazionekani mchana, ila jua likizimwa. Ilitakiwa kuzipiga picha wakati wa giza, kisha kuzilinganisha na picha za nyota hizohizo zilizopigwa usiku, jua likiwa mbali.

Arthur Eddington wa Cambridge alikuwa wa dhehebu la Quaker, lilelile lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya, na kwa imani yake alikataa kupigana. Wakati wenzake wa namna hiyo walikuwa wakifungwa, Dyson alimwombea asamehewe jeshi kwa sharti la kuongoza safari ya kupatwa kwa jua. Machi 1919 Eddington na fundi saa Edwin Cottingham waliondoka Liverpool kwa meli. Wenzao wawili, Crommelin na Davidson, walikwenda Sobral, kaskazini-mashariki mwa Brazili, kusudi kukiwa na mawingu huku kusiwe na mawingu kule.

Walifikia Roça Sundy, shamba la kakao. Hapa naomba msomaji asipite haraka. Kakao ya São Tomé na Príncipe ilikuwa imelimwa na watu waliosombwa kutoka Angola kwa mikataba isiyokuwa na siku ya kurudi nyumbani, utumwa uliobadilishwa jina. Mwaka 1909 kampuni za chokoleti za Uingereza zilizoasisiwa na familia za Quaker, Cadbury ikiwamo, ziliacha kununua kakao ya huko kwa sababu hiyo. Miaka kumi baadaye Mquaker mwingine akashuka kisiwani humo kupima nyota. Mizigo ya darubini ilipelekwa shambani kwa reli ndogo, na palipokosekana reli, umbali wa kilomita moja hivi msituni, ilibebwa vichwani. Ripoti ya safari inawataja waliobeba kuwa ni wapagazi wenyeji. Majina ya Waingereza yapo, jina la mwenye shamba lipo. Ya wapagazi hayapo.

Asubuhi ya siku yenyewe mvua kubwa ilinyesha. Ilipofika mchana ikakatika, lakini mawingu yalibaki, na jua lililokwisha kumegwa likawa linachungulia na kujificha. Saa nane na dakika kumi na tatu giza likaingia. Eddington alibadilisha vioo vya picha kimoja baada ya kingine, Cottingham akahesabu muda na kusimamia mtambo. Kifaa cha kupimia mapigo kiligonga sekunde 302. Eddington alikiri baadaye kwamba hakulitazama jua lililopatwa ila mara mbili tu, mara moja kuhakikisha limezimika na mara ya pili kuona wingu ni zito kiasi gani. Amesafiri wiki kadhaa baharini, tukio la kipekee liko juu ya kichwa chake, naye ameinamia vioo! Walipata picha 16, na zilizofaa zilikuwa mbili, zenye nyota tano.

Príncipe ilitoa 1.61. Darubini ndogo ya Sobral, iliyopata anga safi, ilitoa 1.98. Kulikuwa na darubini ya tatu, pia Sobral, iliyotoa 0.93, karibu na hesabu ya Newton, lakini picha zake zilikuwa zimefifia kwa sababu kioo chake kilipotoka katika joto, nao wakaziweka kando. Uamuzi huo umelaumiwa kwa miaka mingi kwamba Eddington alichagua jibu alilolipenda. Siungi mkono lawama hiyo. Vioo vile vilipopimwa upya kwa mashine mwaka 1979, hata vile vilivyokataliwa vilikaribia jibu la Einstein. Tarehe 6 Novemba 1919 matokeo yalitangazwa London, na kesho yake magazeti yakaeneza habari kwamba nadharia ya Mjerumani imethibitishwa na Waingereza, mwaka mmoja tu baada ya mataifa hayo kuacha kuuana.

Miaka 54 na siku 32 ikapita. Tarehe 30 Juni 1973 mrithi alipofika, aliikuta Afrika nyingine. Bendera zilikuwa zimebadilika karibu kote alikopita: Mauritania, Mali, Algeria, Niger, Chad, Afrika ya Kati, Sudan, Uganda ya Idi Amin, Kenya, Somalia. Ukanda wa Saheli ulikuwa katika ukame mkali. Giza refu zaidi, katika jangwa la Sahara, lilidumu dakika 7 na sekunde 4. Juu yake iliruka ndege ya majaribio ya Concorde kutoka visiwa vya Kanari hadi Chad, ikikimbizana na kivuli kwa mwendo unaozidi maradufu mwendo wa sauti, na wanasayansi waliokuwa ndani wakakaa gizani dakika 74 mfululizo. Hakuna binadamu aliyewahi kukaa muda huo ndani ya kivuli cha mwezi kabla yao wala baada yao.

Kule Chinguetti, Mauritania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walikwenda kurudia jaribio la Eddington kwa mtoto wa kivuli kilekile. Vumbi la jangwani likawaharibia picha nyingi, lakini walizopata zilimuunga mkono Einstein. Kenya, wageni walipiga kambi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, penye chemchemi na mikoma, mahali ambapo upepo kutoka Mlima Kulal hung'oa mahema na ambapo Waelmolo wamevua samaki vizazi na vizazi. Ziwa wakati huo bado liliitwa Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana lilikuja mwaka 1975.

Tanzania haikuguswa na giza hilo kamili. Ilipata zamu yake kwa ukoo mwingine tarehe 1 Septemba 2016, mwezi ulipokuwa mbali na kuacha pete ya jua juu ya nyanda za kusini. Watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, wanafunzi kwa watalii, na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania akawa sauti iliyoueleza umma nini kinatokea na macho yalindwe vipi. Siku ile ilionyesha kwamba watu wetu, wakielezwa kwa lugha yao na mapema, hawajifungii ndani. Wanatoka.

Sasa zamu ya tatu ya ukoo wa 1919 inakuja. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitaingia kupitia Mlango wa Gibraltar, kifuate pwani ya kaskazini ya Afrika hadi Libya, kishuke Misri, ambako karibu na Luxor giza litadumu dakika 6 na sekunde 23, kivuke Bahari ya Shamu hadi Jidda na Makka, kipite Yemen na kuigusa Somalia kwenye pembe yake, kisha kipotelee Bahari ya Hindi. Kenya, Uganda na Tanzania tutaliona jua likimegwa upande, baada ya adhuhuri. Mwaka 2081 ukoo huu utakuwa umehamia Ulaya.

Kwa hiyo nawaomba walimu, na kila mwenye watoto nyumbani, waanze kujiandaa. Miwani ya jua ya kawaida haifai, wala karatasi ya eksirei, wala kioo chenye masizi, wala kulitazama jua ndani ya beseni la maji. Jicho halisikii maumivu linapoungua. Tafuta miwani maalumu iliyothibitishwa kwa kazi hiyo au kioo cha mchomeleaji cha namba 14. Ukikosa, toboa tundu kwenye kadi na utazame sura ya jua chini, ukiwa umelipa mgongo. Na uwe na daftari. Andika mahali ulipo, saa jua lilipoanza kumegwa na saa liliporudi, ndege na kuku walifanya nini, wazee walisema nini, kisha uandike jina lako chini yake.